Daftari la Nasaba

Ni arobaini na mmoja, visiwa vyote hivi.
Nimewahesabu tena Ijumaa hii, kahawa ikipoa,
mvua ya Shrewsbury ikiparaza dirisha la ofisi
ambayo zamani ilikuwa kibanda cha aiskrimu.
Mbega arobaini na mmoja, bustani tisa,
na mimi mshenga wao, nisiyeonja hata pilau.

Norwich wana watano. Swansea kumi na mmoja,
dari inavuja. Inverness wawili, madume,
ndugu, wanaochukiana kupitia wavu.
Belfast hawapokei simu siku za mechi.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Kazi yangu ni kuizimua.
Maana namba mia mbili na kumi na saba,
Barnaby, shababi wa Dudley,
kwa miaka kumi amezaa kama mchicha wa jalalani.
Kila ukurasa nifunguao, pua yake.
Na juzi wamemfungia na binti zake watatu
kisa mlango wa pili una kutu.
Nikapiga simu. Nikasema: kijiti.
Leo hii. Wote watatu.

Kliniki ya Muheza, mama yangu aliyatamka maneno hayo hayo,
uzazi wa mpango, kwa sauti ya chini,
na mwanamke aliyetaka alisema nataka,
asiyetaka alibeba kikapu chake akaondoka.
Mabinti wa Barnaby hawakuulizwa.
Walipewa zabibu.

Kikao cha Crewe, hoteli ya stesheni, biskuti kavu:
Alasdair akauliza, kwa upole, kama vizimba hivi
visingefaa zaidi kima wengine
walio karibu na ukingo kuliko hawa.
Hesabu yake ilikuwa sawa.
Ndilo lililoniuma.
Tumepewa miaka mitano.

Basi nikamtazama namba themanini na nane.
Nettle, wa Norwich, miaka kumi na tisa, hajazaa.
Mama yake yupo ukurasa wa kwanza,
mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa,
safu ya asili: *porini*. Basi. Pori gani, hakuandika.
Huenda ni yale ya Amani, juu ya kwetu,
ambako mbega walinguruma alfajiri
kabla ya kengele ya shule.
Damu hiyo haina mwenzake kwenye daftari.
Nikaandika: ahamie Swansea.

Doreen Pask, mlishaji wake tangu utoto,
akaniletea barua ya kurasa nne.
*Mnamtoa kwao*, akasema.
Nililirudia neno hilo. Kwao.
Kisha nikatia sahihi.

Sanduku la mbao, matundu ya kidole,
matawi ya mierebi yaliyogandishwa tangu kiangazi,
lori la usiku, saa saba barabarani.
Doreen aliketi mbele na dereva. Hakuna aliyemwomba.

Gethin wa Swansea hunipigia Jumanne.
Dume kamsogelea, kageuza mgongo.
Jumanne nyingine: mgongo.
Krismasi: mgongo, na mafua kidogo.
Februari nikaacha kuuliza.

Aprili, namba mia tatu na moja amezaa.
Mtoto mweupe pe, kama wazaliwavyo wote,
kama aliyedondokea pipa la unga.
Na Nettle, anasema Gethin, kamchukua.
Tangu asubuhi kamkumbatia
kwa mikono ile isiyo na gumba,
mama mtu yuko pembeni anakula kwa raha zake,
na ukimkaribia bibi kizee anakutolea meno.

Nikafungua daftari.
Namba. Jinsia. Baba. Mama. Kuzaliwa. Kuhama. Kufa.
Nikatafuta safu ya kumweka.
Mtoto ni mjukuu wa Barnaby, bila shaka. Pua ile.
Nikachukua penseli, pambizoni nikaandika *anabeba*,
herufi ndogo, mkaguzi asione.

Halafu nikampigia Doreen.
Alinyamaza muda mrefu, birika likilia nyuma yake.
Kisha akauliza kama ile dari
wameshaiziba.